Nyumba Pacha ya Kigamboni: Uchambuzi wa Majadiliano kati ya Wanunuzi na Mjenzi

Kisa hiki kinahusu mke na mume walionunua nyumba mpya ya vyumba vitatu Kigamboni, Dar es Salaam, mwaka 2025, kutoka kwa kampuni inayojenga na kuuza yenyewe. Majina yao, jina la kampuni na mambo yanayoweza kuwatambulisha yameachwa. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Waliniita niikague nyumba na kuipigia hesabu, huku mkataba ukishughulikiwa na wakili wao. Nimeona kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu wanunuzi wengi hudhani kujadiliana na mjenzi ni kumwomba apunguze bei, na akikataa mazungumzo yamekwisha. Hapa mjenzi alikataa tangu siku ya kwanza, akaendelea kukataa hadi mwisho, na bado alichokisaini mwezi Agosti kilikuwa tofauti kabisa na alichokiweka mezani mwezi Juni.

Mradi wenyewe ulikuwa na nyumba 12, yaani pacha sita, kila pacha ikiwa na ukuta mmoja wa kati, zote zikiwa juu ya kiwanja kimoja chenye hati moja ambayo watu wa ardhi huiita hati mama. Nyumba tisa zilikuwa zimeshauzwa. Kipeperushi cha zamani kilitaja bei ya dola 70,000, lakini kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zilipopiga marufuku kutaja na kulipa bei za ndani kwa fedha za kigeni, kampuni ikaibadili kuwa Sh milioni 190. Mke ni muuguzi, mume ana duka la vipuri Kariakoo. Benki ilikuwa imekubali kimsingi kuwapa mkopo wa nyumba wa Sh milioni 120, na akiba yao pamoja na fedha za kiwanja walichouza Chanika zilifika kama Sh milioni 100. Kwa hesabu yao walikuwa na ziada ya kutosha kulipia ada zote na kununua samani.

Ziada hiyo haikuwepo. Chini ya ukurasa wa pili wa fomu ya maombi kulikuwa na mstari wa herufi ndogo kuliko nyingine zote, uliosema kwamba bei haijajumuisha kodi. Chini ya Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya mwaka 2014, mauzo ya nyumba za makazi yamesamehewa kodi hiyo, isipokuwa mauzo ya kwanza ya nyumba iliyojengwa upya. Ndiyo maana mtu anayenunua nyumba ya zamani Mbagala kutoka kwa mwenye nyumba hakutani na VAT, na anayenunua nyumba mpya kwa kampuni anakutana nayo, wakati huo kwa asilimia 18. Nafuu iliyoanzishwa mwaka 2023 kwa nyumba mpya zisizozidi Sh milioni 50 haikuwafikia. Juu ya Sh milioni 190, kodi ilikuwa Sh milioni 34.2, na bei halisi Sh milioni 224.2. Mfanyabiashara aliyesajiliwa anaweza kuitoa VAT aliyolipa kwenye ile anayodaiwa, lakini familia inayonunua mahali pa kuishi haina pa kuipeleka. Kwake ni gharama ya mwisho. Kabla ya neno lolote kuhusu punguzo, basi, swali la kwanza kwa mjenzi lilikuwa kama bei anayoitaja ina kodi ndani yake au la, na jibu lake lilipaswa kuandikwa.

Swali la pili lilikuwa kwa nini mjenzi hawezi kushusha bei. Naona ni swali linalodharauliwa, kwa sababu mnunuzi akishajua sababu hiyo anajua pia mahali ambapo mjenzi anaweza kulegea. Kwanza, walionunua mapema walilipa bei ya orodha, na wote wana namba za simu za wenzao. Nyumba ya kumi ikiuzwa kwa Sh milioni 175, siku ya pili ofisi ya mauzo itajaa watu wanaodai warudishiwe tofauti. Pili, kampuni ilikuwa na nyumba mbili nyingine za kuuza, na bei ya mauzo ya karibuni ndiyo mthamini wa benki anayoitazama anapothaminisha zilizobaki. Ubishi wa meneja mauzo haukuwa wa kujifanya. Alikuwa analinda namba iliyoandikwa kwenye orodha. Lakini namba kwenye orodha si jambo moja na fedha anayoipokea, wala si jambo moja na kile anachokabidhi.

Wakili alifanya upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati, na hapo picha ikabadilika. Hati mama ilikuwa imewekwa rehani benki kwa mkopo uliojenga mradi. Si ajabu kwa mjenzi kukopa kwa dhamana ya kiwanja, na hakuna ubaya wowote ndani yake. Hatari ni kwamba mnunuzi anaweza kulipa fedha yote kwa kampuni, kampuni isiipeleke benki, na benki ikabaki na haki juu ya ardhi iliyo chini ya nyumba aliyokwisha kuilipia. Kati ya walionunua kabla, baadhi walikuwa wanaishi humo kwa mkataba wa mauzo na risiti tu, bila hati ya sehemu yao. Sheria Na. 16 ya mwaka 2008, inayohusu umiliki wa sehemu za majengo, inaruhusu majengo ya namna hii kugawanywa katika sehemu zinazomilikiwa na mtu mmoja mmoja na maeneo yanayomilikiwa kwa pamoja, kila sehemu ikawa na hati yake. Kazi hiyo kampuni ilikuwa imeianza na kuiacha njiani.

Rehani hiyo hiyo iliyokuwa hatari kwa wanunuzi ilieleza pia haraka ya mjenzi. Riba ya mkopo wa ujenzi inaendelea kuhesabiwa nyumba ikiwa na mtu au ikiwa tupu. Mnunuzi ambaye benki imeshamkubalia mkopo ana uzito mkubwa kwa kampuni iliyo katika hali hiyo, kwa sababu fedha yake itaingia kwa mkupuo. Na benki inayowakopesha wanunuzi haitatoa Sh milioni 120 bila hati ya nyumba yenyewe kuwekwa dhamana. Kwa hiyo hati, iliyoonekana kama ombi la mnunuzi, ilikuwa mlango pekee ambao mjenzi angepitia kuzipata fedha hizo. Niliwaambia wanunuzi wasiiombe kama fadhila.

Nyumba niliikagua mwishoni mwa Juni, baada ya masika, na nashauri wakati huo kwa yeyote anayenunua pwani, kwa kuwa mvua huonyesha kasoro ambazo rangi mpya inazificha. Katika chumba kikubwa, ukuta wa nje ulikuwa na mstari wa unyevu kama sentimita 40 juu ya sakafu, na ukipitisha kidole juu yake unga mweupe wa chumvi ulibaki kwenye ngozi, plasta ikitoka vipande vidogo vidogo. Hiyo ni dalili kwamba maji yanapanda kutoka kwenye msingi kwa sababu karatasi ya kuzuia unyevu haikuwekwa au ilitobolewa, au kwamba mchanga wenye chumvi ulitumika. Kupaka rangi juu yake ni kupoteza fedha. Niligonga vigae vya sebuleni kwa sarafu, na katika kona karibu na mlango wa nyuma vilitoa mlio wa utupu. Nilimwaga ndoo ya maji bafuni. Maji yakaenda mlangoni badala ya kwenda kwenye tundu la kutolea maji. Kila kasoro niliipigia picha, nikaandika marekebisho yanayotakiwa na gharama yake kwa bei za soko, na jumla ikawa karibu Sh milioni 5.6. Orodha yenye gharama ina nguvu ambayo malalamiko hayana, kwa kuwa mjenzi anaweza kubisha kuhusu neno "mbaya" lakini hawezi kubisha kwa urahisi kuhusu mita za mraba za plasta.

Kuna jambo jingine ambalo karibu lipite bila kuonekana. Mradi mzima ulitegemea kisima kirefu kimoja. Nilipoulinganisha mchoro wa mgawanyo uliokuwa ukiandaliwa na hali ya eneo, kisima, pampu na mnara wa tangi vilikuwa nje ya eneo la pamoja, kwenye pembe ambayo kampuni ilikuwa imejibakizia. Maana yake ni kwamba familia 12 zingekuwa na hati halali za nyumba zao na maji yangekuwa mali ya mtu mwingine, ambaye angeweza kupanga bei ya uniti atakavyo au kuiuza ile pembe pamoja na kisima. Sidhani kama kuna kipengele kingine katika kisa hiki chenye uzito kama hiki, na hakikuwa na uhusiano wowote na bei.

Katika kikao cha kwanza mume alifanya jambo ambalo wengi hulifanya kwa uungwana tu: alipoulizwa wanaishi wapi sasa, akaeleza kwamba kodi yao inakwisha Septemba na mwenye nyumba anataka kuhamia. Siku iliyofuata ukaja ujumbe kwamba nyumba itashikiliwa kwa siku saba tu, kwani kuna mteja mwingine. Huenda mteja huyo alikuwepo kweli. Mke ndiye aliyerudisha mazungumzo mahali pake. Meneja alipomwambia, "Dada yangu, bei haiguswi, wenzako wote wamelipa hiyo hiyo," alimjibu, "Sawa kaka, bei tuiache hapo ilipo. Naomba unieleze tu, nikikupa hiyo hela, nakabidhiwa nini?" Kuanzia hapo mazungumzo yalihusu vitu vinavyohesabika, na meneja hakulazimika kutetea orodha yake tena.

Kabla ya kufika huko, lakini, kampuni ilitoa pendekezo ambalo nalijadili kwa makini kwa sababu linawafikia wanunuzi wengi. Walishauriwa waandike mkataba wa Sh milioni 110, VAT na ushuru wa stempu vihesabiwe juu ya kiasi hicho, na Sh milioni 80 zilizobaki zilipwe taslimu bila risiti. Kwa hesabu ya haraka, Sh milioni 14.4 za VAT zingetoweka. Wakili alilikataa papo hapo kwa kuwa ni ukwepaji wa kodi, na hilo peke yake linatosha. Lakini hata mtu asiyejali sheria angepaswa kuogopa. Benki inakopesha kwa kutazama mkataba, na isingetoa Sh milioni 120 kwa nyumba iliyoandikwa kuwa inauzwa Sh milioni 110. Mauzo yakivunjika, Sh milioni 80 zisizo na risiti hazidaiki popote. Na siku wakitaka kuuza, bei yao ya ununuzi katika kumbukumbu ingekuwa ndogo, na faida inayotozwa kodi ingeonekana kubwa kuliko ilivyo. Wanunuzi walidai kila malipo yatolewe risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, yenye jina lao, na sharti hilo likaingia kwenye mkataba.

Njia halali ya kuipunguza VAT ilikuwa kupunguza kile kinachouzwa. Bei ya orodha ilijumuisha makabati ya jikoni na ya nguo, yaliyotengenezwa kwa mbao za kusindika ambazo katika hewa ya chumvi ya Kigamboni huvimba kwenye kingo baada ya muda mfupi. Nilipendekeza nyumba iuzwe bila makabati, na bila feni na taa za mapambo. Kampuni ikalikubali hilo kwa wepesi ulionishangaza, kwa sababu orodha ilibaki ilivyo: wanunuzi hawa hawakupewa punguzo, walinunua kifurushi kidogo zaidi, na jirani akiuliza jibu lipo. Mvutano ulibaki kwenye thamani ya vilivyotolewa. Kampuni ilisema Sh milioni 6. Sisi tulionyesha kwa bei zao wenyewe, walizozitangaza kwa wateja wanaoongeza makabati, kwamba ni zaidi ya Sh milioni 10. Mwishowe nyumba ilikubaliwa kwa Sh milioni 212 ikiwa na VAT ndani, yaani Sh milioni 179.66 za nyumba na Sh milioni 32.34 za kodi. Kutoka Sh milioni 224.2 ni tofauti ya Sh milioni 12.2. Makabati waliyatengenezesha kwa mafundi wa Keko kwa Sh milioni 6.5, ya mbao ngumu.

Ratiba ya malipo ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko mambo yote. Kampuni ilitaka asilimia 30 wakati wa kusaini, isiyorudishwa, asilimia 40 ndani ya siku 60, na zilizobaki siku ya kukabidhi funguo. Katika mpangilio huo mnunuzi anakuwa amelipa asilimia 70 kabla hajaona hati wala marekebisho, na kila ombi lake baada ya hapo linategemea hisani ya mjenzi. Walichosaini ni hiki: asilimia 10, yaani Sh milioni 21.2, wakati wa kusaini, zikilipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo katika benki iliyoshika rehani. Sh milioni 60.2 baada ya kasoro zote za orodha yangu kurekebishwa na kukaguliwa tena. Sh milioni 120 kutoka benki ya wanunuzi hati ya sehemu yao inaposajiliwa kwa majina ya wote wawili bila rehani ya zamani. Na Sh milioni 10.6 za mwisho kubaki kwa wakili kama fedha ya zuio, yaani sehemu ya bei inayoshikiliwa hadi ionekane kwamba kasoro hazijarudi. Benki ya mjenzi iliandika barua ya ridhaa, ikiahidi kuiondoa nyumba hiyo kwenye rehani ikishapokea kiasi kilichotajwa. Bila barua hiyo wakili asingewaruhusu kusaini, na naunga mkono msimamo wake kabisa: ahadi ya kampuni kwamba benki haina shida haimfungi mwenye rehani.

Kuhusu fedha ya zuio, ambayo kila mkandarasi anaijua kutoka kwenye mikataba ya ujenzi lakini wanunuzi wa nyumba huidai mara chache, tulianza kwa kuomba miezi 12 na kampuni ikasema mitatu. Kubishana kuhusu idadi ya miezi kusingezaa kitu. Kasoro kubwa ya nyumba ilikuwa unyevu, na unyevu unapimwa kwa mvua, hivyo kipindi kiliandikwa kwa kufuata majira: zuio libaki hadi 30 Juni 2026, vuli na masika zote zikiwa zimepita. Mjenzi aliyekata plasta ya zamani hadi kwenye tofali na kuweka kizuizi cha unyevu sawasawa hana sababu ya kuyaogopa masika, na mhandisi wa kampuni, kwa heshima yake, alilikubali hilo mbele ya meneja wake.

Kisima kiliingizwa kwenye eneo la pamoja katika mchoro wa mgawanyo. Kampuni ilipinga mwanzoni, lakini wanunuzi waliwaalika majirani watatu kusoma mchoro ule, na baada ya majirani hao kufika ofisini, lile lililokuwa ombi la mteja mmoja likawa la mradi mzima. Hapa nampongeza mke kwa namna ya pekee, kwa kuwa majirani wengine walikuwa wamelipa zamani na hawakuwa na nguvu iliyobaki. Aliitumia yake kwa ajili yao pia.

Hawakupata kila kitu. Waliomba ukuta wa mpaka wa nyuma, ambao ulikuwa kwenye mchoro wa matangazo lakini haukuwa kwenye maelezo ya ujenzi, wakanyimwa. Picha ya matangazo ambayo haikuambatishwa kwenye mkataba ni vigumu kumbana nayo mjenzi. Waliomba pia tozo ya huduma ya Sh 60,000 kwa mwezi isipande kwa miaka miwili. Kampuni ilikubali mwaka mmoja. Ushuru wa stempu, unaokaribia asilimia 1, na gharama za usajili walibeba wenyewe kama ilivyo kawaida, huku malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi ya hati mama yakibaki kwa kampuni.

Mkataba uliipa kampuni siku 120 kukamilisha usajili wa hati, na ukawapa wanunuzi haki ya kujitoa na kurudishiwa fedha yote muda huo ukipita. Marekebisho ya kasoro yalikwisha mapema, nilikagua tena, malipo ya pili yakafanyika na wakakabidhiwa funguo kabla kodi yao haijaisha. Upimaji mpya wa ile pembe ya kisima, hata hivyo, ulichelewesha mchoro, na siku 120 zikaisha hati ikiwa bado. Kampuni iliomba nyongeza ya siku 45. Wanunuzi hawakutaka kuondoka kwenye nyumba waliyoipenda na ambayo tayari walikuwa wanaishi, na kampuni ililijua hilo. Lakini kampuni nayo ilikuwa inazisubiri Sh milioni 120 ambazo benki isingezitoa bila hati. Wakili aliandika barua fupi ya kukubali nyongeza kwa sharti moja, kwamba ukuta wa nyuma ujengwe kwa gharama ya kampuni kwa vipimo vilivyoambatishwa. Jibu lilikuja ndani ya juma hilo likiwa limesainiwa. Ukuta ulijengwa, hati ikasajiliwa ndani ya muda ulioongezwa, na benki ya wanunuzi ikamlipa mjenzi zile Sh milioni 120 za mkopo wao.